Viti Viwili na Kopo la Ugoro

Hadithi tena? Jana hadithi, leo hadithi, na maharage hakuna anayechambua. Haya, nasema hii moja tu, na mikono yenu naitaka kwenye ungo. Mwisho wake mtajibu wenyewe. Mimi shule niliishia darasa la pili, mwalimu akaolewa, basi.

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani hii hii ya simu za mkononi, palikuwa na mpiga picha jina lake Mbelwa, mtoto wa kwetu Usambara, huku juu kwenye ukungu. Bwana huyo aliizunguka dunia kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Akapiga picha za theluji. Akapiga picha za ngamia. Akapiga picha za maghorofa yanayowasha taa mchana kweupe, utadhani umeme hauna mwenyewe. Na kila alikopita aliwaambia watu, "Nitakuletea picha yako." Aliwaambia wachunga ngamia, aliwaambia wauza samaki, alimwambia hata padri. Hakumpelekea hata mmoja.

Picha zote alizitia kwenye kadi, kidude kidogo kama ukucha. Kadi akaitia kwenye kopo la ugoro alilopewa na shangazi yake, Bi Mnkande, siku ya safari yake ya kwanza. Shangazi naye alikuwa na kopo kama hilo hilo. Mshaanza kucheka? Subirini kwanza.

Mwaka huo kamera yake ilikula mchanga wa jangwani, ikawa inakohoa kama mzee. Likabaki tumaini moja: mashindano ya picha, huko nchi ya baridi. Mshindi anapewa kamera mpya na safari ya mwaka mzima kuzunguka dunia, viti viwili vya ndege, chake na cha mwenzake. Akishindwa, arudi nyumbani alime viazi. Na Mbelwa na jembe hawakupatana tangu utoto.

Akaja kuaga. Akamkuta shangazi anamenya viazi. Ugoro ukampanda Bi Mnkande, akapiga chafya, kitambaa cha kichwa kikaruka, viazi vikabingirika uani, akajicheka mwenyewe kwa sauti. Mbelwa akampiga picha.

"We Mbelwa! Sikukukataza? Sina meno!"

"Shangazi, kamera yenyewe inakufa hii, sijui hata kama imeshika."

Akaitoa kadi, akaitia koponi, akakumbatiwa, akapokea baraka, akachukua kopo mezani, huyoo. Kopo lipi? Eeh.

Kule ughaibuni, yamebaki masaa manne mashindano yafungwe, akafungua kopo mbele ya waheshimiwa. Ugoro! Upepo wa mlango ukasaidia. Wakapiga chafya wote, mwenye miwani, mwenye tai, mpaka mlinzi wa getini.

Akapiga simu. "Shangazi! Fungua kopo lako!"

"Nimeshafungua. Nimetia mdomoni kitu kigumu, nikasema ugoro wa siku hizi una mifupa."

"Mungu wangu! Umekitupa wapi?"

"Nani katupa? Nimekifuta, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Mimi situpi kitu nisichokijua."

"Shangazi, nitamtuma mtu akichukue. Nikishinda, kiti cha pili ni chako!"

Akampigia Hozza, muuza kabichi mwenye pikipiki. "Hozza kaka yangu, chukua kadi kwa shangazi, uipeleke Lushoto mjini. Nikishinda, kiti cha pili ni chako!"

Hozza alikuwa amepakia kabichi za soko zima. Akazimwaga hapo hapo njiani, ng'ombe wa watu wakafanya sherehe. Akachukua kadi, akaondoka mbio. Mvua ilikuwa imemegua barabara. Akaiacha pikipiki, akakaa chini, akateleza na makalio yake kwenye tope mpaka ng'ambo, kadi kaiuma kwa meno. Akaingia mjini kwa miguu, akapita mbele ya shule. Suruali haikufika.

Akampa Zaina, binti mwenye duka la kuchapa barua na kutuma picha. Mbelwa kwenye simu analia, "Zaina dada yangu, tuma ile ya ngamia na jua linazama. Nikishinda, kiti cha pili ni chako!" Simu ikakatika.

Zaina akafungua kadi. Ngamia mia tatu. Mtandao siku hiyo ulikuwa unajikokota, picha itakayopita ni moja, na zimebaki dakika tisa. Akatazama ngamia, akasonya. "Ngamia nani hajamwona?" Akaendelea kushuka. Mwisho kabisa akamkuta Bi Mnkande, kitambaa hewani, mdomo wazi, jino hamna. Zaina akacheka mpaka akashika meza. Akatuma hiyo.

Ikashinda.

Mbelwa akarudi nyumbani na barua na meno nje. Mlangoni akakuta watu watatu na mizigo mitatu. Hozza kavaa koti la harusi yake. Zaina ana pasipoti mpya. Shangazi ana gunia la viazi, kwa sababu haamini chakula cha wenyewe.

"Bila mimi kadi ingelala jalalani," akasema Bi Mnkande. "Na uso uliowachekesha wazungu ni wa nani? Nilikataa, ukaniiba!"

"Uso ungebaki kwenye pindo la kanga," akasema Hozza. "Mimi nimepoteza kabichi, suruali, na heshima yangu mbele ya wanafunzi wa shule nzima."

"Wewe ulibeba ngamia mia tatu na hukujua," akasema Zaina. "Angesikilizwa Mbelwa, leo angekuwa shambani. Mimi ndiye niliyeona."

"Ulimwasi mwenye mali!" akadakia Hozza.

"Nikamshindisha!"

Mbelwa akasema, "Jamani, nilikuwa nimechanganyikiwa."

Mwenyekiti wa kijiji, mama asiyependa maneno mengi, akaitwa. "Mbelwa, umeahidi wangapi?"

"Watatu."

"Viti vingapi?"

"Viwili, kimoja changu."

"Kilikuwa chako."

Wakawapigia simu wenye mashindano. Wakacheka, wakasema sawa, mradi kamera izunguke na picha zije.

Basi hivyo ndivyo alivyolipa, yeye wa theluji na maghorofa: alitoa kiti chake, akakabidhiwa jembe. Mwaka mzima alime mashamba ya wote watatu, na atakayebaki kijijini ndiye amsimamie, kila mstari wa viazi, mvua na jua.

Ndege inaondoka kesho. Viti viwili, watu watatu. Hebu wekeni ungo chini mniambie: nani na nani walistahili kupanda, na nani alistahili kubaki amsimamie Mbelwa na jembe lake?