Sahihisho Lenye Nafasi ya Jina Moja

Haya, sogeeni. Mwenye jibu la haraka aliweke kwanza mfukoni, maana hapa kuna watu watatu na nafasi ya jina moja.

Wa kwanza ni Mwalimu Eliakunda wa Same, aliyejaliwa kuona katika namba kitu ambacho wengine hawakioni. Wa pili, Dakta Shemdoe wa chuo kikuu, hueleza jambo gumu mpaka likaeleweka. Wa tatu ni Nasra, msahihishaji wa jarida la hisabati, na kosa halimpiti.

Mwalimu aligundua kanuni ya namba tasa miaka thelathini na minne iliyopita, akaitoa katika kijarida cha walimu kilichochapwa kwa mashine ya kurudufu. Wenzake walimcheka. Wakamwita Profesa wa Chaki, na jina hilo likamfuata hadi alipostaafu. Inaniuma hata kuisimulia.

Dakta aliigundua kanuni ileile peke yake, bila kukiona kijarida kile. Akaiandika vizuri, watu wakaisoma, ikaitwa Kanuni ya Shemdoe. "Sikumwibia mtu," anasema, na ni kweli.

Kijarida kile kilipofika kwenye jarida la hisabati, Nasra alitumwa kulinganisha kazi hizo, akakuta uthibitisho wa zote mbili una pengo mahali palepale. Akaliziba kwa mistari saba. "Kabla ya mistari hii," alimwambia mhariri, "hawa wawili walikuwa wanakisia tu."

Mhariri, Bi. Salha, ndiye anayeandika sahihisho la kusema kanuni ni ya nani. Kwa desturi ya jarida lao, kanuni hubeba jina moja, na mwenye jina akiwa alikosea, kosa lake hutajwa papo hapo. Jana Bi. Salha alipigiwa simu na binti wa Mwalimu.

"Shikamoo, mama. Baba hali chakula tangu Jumapili. Anauliza kama jina lake limetoka."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie bado kidogo."

"Daktari wa hospitali anasema hamalizi wiki."

Jarida linakwenda mtamboni kesho asubuhi. Akimwandika Mwalimu, ataandika pia kwamba alikosea, na waliomcheka bado wapo, wanasoma. Akiliacha jina la Dakta lilivyo, aliyechelewa atabaki na sifa ya aliyetangulia. Akimpa Nasra, mistari saba itafuta jasho la miaka, ingawa bila mistari hiyo hakuna kanuni ya kumpa mtu yeyote.

Nyie mnaotikisa vichwa, kalamu hii hapa, na mgonjwa anasubiri kusomewa. Je, wewe ungeandika jina la nani?