Sanda ya Senbi

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni, mwenye mtoto ampakate, maana ninakowapeleka ni mbali.

Zamani hizo, kale ya kale, kando ya mto Naili katika nchi ya Misri, aliishi mwanamke mfuma kitani, jina lake Henut. Mbele ya nyumba yake palikuwa na udongo mweusi wa kupandia shayiri. Nyuma palikuwa na jangwa jekundu, makao ya wafu. Mumewe, Senbi, alikuwa mkulima. Kila mara mto ulipofurika na kufunika mashamba, watu wa Farao walikuja kuwachukua wanaume wakavute mawe ya kaburi lake.

"Maji yakishuka nitarudi," Senbi akasema, akaenda.

Maji yakashuka. Wanaume wakarudi. Senbi hakurudi. Henut akamuuliza huyu, akamuuliza yule, wote wakatazama chini. Akajua mumewe amekufa.

Na watu wa Misri waliamini hivi: maiti isiyopakwa dawa, isiyovikwa sanda, roho yake hutangatanga, haioni pa kutua. Basi Henut akafuma sanda. Akafuma akilia, akafuma akinyamaza, akafuma akilia tena. Akaikunja, akajitwika, akaondoka.

Akaenda, akaenda, akaenda, akafika hekaluni, kwenye bwawa la mamba mtakatifu aliyevishwa herini za dhahabu.

"Ewe mamba, bwana wa maji, mume wangu yuko wapi?"

"Mimi huletewa nyama na makuhani," mamba akajibu. "Mtoni sijafika tangu utotoni. Muulize kozi, yule ndege mwindaji."

Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta kozi juu ya jumba la mfalme.

"Ewe kozi, bwana wa anga, mume wangu yuko wapi?"

"Macho yangu ni ya kumwangalia Farao. Yule mzee amefariki, sasa namwangalia mwanawe. Wengine siwaoni. Muulize mbweha."

Akaenda, akaenda, akaenda, hadi jangwani, akamkuta mbweha amelala kivulini mwa kaburi la Farao, kaburi kubwa kama mlima.

"Ewe mbweha, mlinzi wa wafu, mume wangu yuko wapi?"

Mbweha akainuka. "Kaa chini kwanza, mama."

Henut akakaa.

"Farao alikufa kaburi halijakwisha, kazi ikawa ya mbio. Jiwe likateleza, likamlalia mumeo kule ndani. Wenzake walitaka kumtoa. Msimamizi akawaambia, 'Acheni, mfalme anangoja.' Wakamzika mfalme, wakaziba mlango."

"Kwa hiyo yumo humu?"

"Yumo humu."

"Bila sanda?"

"Bila sanda, mama."

Henut akaupiga ukuta kwa viganja mpaka vikatoka damu. Kuhani aliyekuja na askari wake kuleta mikate na pombe, sadaka ya mfalme aliyekufa, akamwona, akafurahi.

"Tazameni mapenzi ya watu! Unamlilia Farao, bibi?"

"Namlilia Senbi, mume wangu. Yumo ndani."

"Ndani yumo mfalme peke yake."

"Basi nifungulie, nimvishe mume wangu, nitoke."

"Mlango huu haufunguliwi, hata dunia iishe."

Askari wakamkokota, wakamtupa mchangani, wakaenda zao na kuhani wao.

Henut akajikokota hadi ukutani. Akachimba kwa mikono yake iliyochubuka, akachimba, akachimba, mpaka akafikia jiwe la chini kabisa. Akaitandaza sanda pale, akaibana kwenye jiwe kama mtu anayemfunika mgonjwa, akafukia.

"Mbweha, itamfikia?"

Mbweha akainamisha kichwa. "Sijui, mama. Kwa kweli sijui. Ila hapa hatafukua mtu."

Henut akakung'uta mchanga kwenye nguo. Akashika njia ya kurudi nyumbani, mikono mitupu, na kila baada ya hatua chache akageuka kutazama nyuma. Lile kaburi halikupungua ukubwa.

Hadithi yangu imegota kwenye ukuta ule, nami naiacha papo hapo.