Ufunguo wa Msomaji

Fumbo hili nimelibeba muda mrefu, na kila nikidhani nimelifumbua, linanigeukia. Nawapa ninyi. Huenda vichwa vingi vikaweza kilichokishinda kimoja.

Palikuwa na wanafunzi watatu katika chuo cha ufundi huko Mbeya. Lusekelo alikuwa kipofu, lakini sikio lake halikupitwa na kitu. Tumsifu alikuwa na mikono myepesi ya kuandika programu. Mwanahawa alikuwa na subira. Maelekezo ambayo wengine huyaruka, yeye aliyasoma hadi nukta ya mwisho.

Lusekelo aliandika programu zake kwa msaada wa Msomaji. Hiyo ilikuwa nyongeza inayowekwa kwenye kihariri cha msimbo, yaani pale maandishi ya programu yanapoandikwa, ikamsomea mtu kwa sauti kila mstari anaouandika. Ulikuwa mradi wa wazi: msimbo wake uliwekwa hadharani, na yeyote aliweza kuurekebisha, mtunzaji akikubali. Mtunzaji aliitwa dada Atupele. Siku moja alitangaza: "Nimechoka, nataka mrithi. Msomaji ananyamaza ghafla na sijui kwa nini. Kati ya watakaoliondoa tatizo hilo, mmoja nitamkabidhi ufunguo wa mradi."

Hakuna kati ya watatu hao aliyewahi kuchangia mradi wowote. Wote waliutaka ufunguo.

Lusekelo aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, hadi akanasa siri: Msomaji hunyamaza mtu anapofuta mstari wa mwisho. Akaeleza jambo hilo kwenye ukurasa wa mradi, hatua kwa hatua. Bila yeye, watu wangeendelea kubahatisha.

Tumsifu alitaka kurekebisha, lakini mradi ulikataa kuwaka kwenye kompyuta yake. Maelekezo ya kuwaonyesha wageni jinsi ya kuuwasha yalikuwa yamepitwa na wakati. Mwanahawa akayakalia, akajaribu kila hatua, akayaandika upya. Bila yeye, mlango usingefunguka.

Ndipo Tumsifu akaingia. Akakuta programu inautafuta mstari ambao haupo tena, akaifundisha kuangalia kwanza kama upo. Bila yeye, ugonjwa ungejulikana na mgonjwa asipone.

Lakini kwa ugeni wake, alifungasha kazi yote pamoja, maelekezo ya Mwanahawa yakiwemo, akaituma kwa jina lake mwenyewe.

"Kumbe nimepika mimi, kunawa unanawa wewe!" Mwanahawa akafoka.

"Sikujua kama kila kazi hutumwa peke yake, dada. Lakini tuseme kweli, maelekezo ndiyo yameondoa tatizo?"

Lusekelo akacheka kwa uchungu. "Mnagombea nyama, na aliyemwona mnyama ni mimi kipofu."

"Ulimsikia, hukumwona," Tumsifu akamchokoza.

"Basi ninyi wenye macho mlikuwa wapi, bwana?"

Siwalaumu. Wivu huota pale watu wanapolingana. Mtu hamwonei kijicho aliye mbali naye.

Dada Atupele akawaomba kila mmoja ataje jina la mwenzake, asijitaje. Mwanahawa, kwa hasira na Tumsifu, akamtaja Lusekelo. Tumsifu, akitaka kumpoza Mwanahawa, akamtaja yeye. Lusekelo akamtaja Tumsifu, akiamini atauchoka ufunguo mapema na kuuacha. Kila mtu kura moja.

"Basi naamua mimi," akasema dada Atupele. "Mradi unaishi kwa wageni wanaokuja. Ufunguo achukue Mwanahawa. Na kazi iingie kama ilivyotumwa."

Aliyetekeleza ni Mwanahawa. Kitendo chake cha kwanza kama mtunzaji kilikuwa kuikubali kazi ile. Kidole chake kilisita juu ya kitufe, kisha kikabonyeza, na maelekezo aliyoyaandika yeye yakaingia katika kumbukumbu za mradi kwa jina la Tumsifu. Chumba cha pili, Lusekelo akafuta mstari wa mwisho. Msomaji akaendelea kusema.

Mmoja alipata ufunguo, mmoja jina, mmoja sauti. Lakini Tumsifu aliutamani ufunguo, Mwanahawa alilitamani jina, na Lusekelo, ambaye sauti ile alikuwa nayo hata zamani kabla haijaanza kukatika, aliona hakupewa kitu.

Wote watatu wangali wanasubiri kusikia kwamba walidhulumiwa. Ninyi mliosikiliza, ufunguo ule mngempa nani?