Shahidi Aliyebaki Dukani

Wahenga walipotuambia kwamba mwenzako akinyolewa nawe zako utie maji, hawakuwa wakifundisha kazi ya kinyozi. Walimaanisha kuwa balaa linalomshukia jirani leo linaijua pia njia ya kwako. Anayelitazama akiwa amekunja mikono, akajiambia kuwa hayamhusu, atakuja kunyolewa kavukavu. Maneno hayo yalimpata Wachira wa Kitengela, naye hakuwa mtu mbaya.

Katika miaka ya tisini, Kitengela haikuwa na maghorofa. Ilikuwa safu ya maduka ya mabati kando ya barabara ya Namanga, soko la mifugo, na mbuga iliyonyooka mpaka macho yachoke. Wachira aliuza misumari, mabati na saruji. Ubavuni mwa duka lake palikuwa na zizi la Jimale, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka Garissa. Rafiki yao wa tatu alikuwa Lesiamon, mfugaji wa Kimaasai kutoka upande wa Isinya.

Kilichowakutanisha watu hawa, waliotofautiana kabila na dini, kilikuwa kisu cha kukunja. Kila Jumapili alasiri walikaa kwenye benchi mbele ya duka, kila mmoja akatoa chake mfukoni. Cha Wachira kilikuwa na mpini wa pembe nyeusi, urithi wa baba yake. Mpini wa kisu cha Jimale ulikuwa wa mfupa wa ngamia, umeiva rangi kama samli. Cha Lesiamon kilitengenezwa kwa mzeituni wa porini, na kila kilipofungwa kililia “ta!”, mlio ambao mwenyewe aliusikiliza kama mzazi anayesikia jina la mwanawe likiitwa. Walivinoa kwa jiwe lililolowa, wakatia tone la mafuta penye kikunjio, kisha wakajaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mikono. Ndiyo maana mikono yao ya kushoto ilijaa vipara, na sokoni watu waliwatambua kwa vipara hivyo.

Wengine walivutiwa, likawa kundi. Naibu wa chifu akaliandikisha kama chama cha kijamii na Wachira akachaguliwa mwenyekiti. Sheria zao zilikuwa mbili: kisu hakifunguliwi kwa hasira, na mwenzako anakabidhiwa kisu kikiwa kimefungwa. Zaidi ya hapo walikuwa na kazi za umma. Sikukuu za taifa walichinja na kuchuna mafahali wa wananchi. Walikata miiba iliyoziba njia ya watoto wa shule. Uchaguzi wa mwaka wa tisini na saba ulipofika, waliviacha visu nyumbani, wakashinda kwenye foleni ya kura wakiwatafutia wazee kivuli.

Barazani, hakuna aliyezungumza kumshinda Wachira.

“Raia si yule wa kuimba wimbo wa taifa tu!” alinguruma siku moja, kidole juu. “Raia ni yule anasema kile ameona. Ukiona, sema! Ukinyamaza, wewe na mwizi ni kitu kimoja!”

Watu walishangilia. Jimale alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Wakati huo palikuwa na dalali wa viwanja aliyeitwa Wainaina, Mkikuyu kama Wachira, mtu mwenye ulimi wa asali na tumbo la fisi. Alitaka kujenga kituo cha petroli kando ya barabara, na jicho lake lilikuwa limetua kwenye zizi la Jimale. Alimwendea mara kadhaa, lakini Jimale alikataa kuuza.

“Mbuzi zangu zitalala wapi, Wainaina?” alimuuliza akicheka. “Kwa sebule yako?”

Wainaina naye alicheka, akaondoka.

Siku moja ya soko mwaka uliofuata, kulizuka vurugu nyuma ya machinjio. Mfanyakazi mmoja wa Wainaina alitoka humo akivuja damu, mkono umechanwa kwa kisu. Aliapa mbele ya polisi kwamba aliyemkata ni Jimale, na kwamba alimwona akikikunjua kisu chake cha mpini wa mfupa.

Huo ulikuwa uongo mtupu. Tangu asubuhi Jimale alikuwa dukani kwa Wachira. Kikunjio cha kisu chake kilikuwa kimelegea, Wachira akakifungua, na vurugu zilipoanza alikuwa bado anaunyoosha msumari wake mdogo kwa nyundo. Ubapa wa chuma ulikuwa huku, mpini kule. Kisu hicho kisingeweza kukata hata nyanya.

Polisi walipofika, Jimale hakuogopa hata kidogo. “Mwulizeni mwenyekiti,” alisema. “Kisu yangu ilikuwa vipande viwili juu ya meza yake.”

Wachira alifungua kinywa. Wakati huohuo alimwona Wainaina ng'ambo ya barabara, amesimama kando ya gari lake, anamtazama bila kupepesa.

“Itajulikana tu huko mbele,” alisema kwa sauti ndogo.

Jimale alimtazama kwa mshangao, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama kwamba ameelewa kuwa kortini ndiko mahali pa kusemea. Wakamchukua.

Jioni hiyo Wainaina aliingia dukani na kuegemea fremu ya mlango. “Wewe ni mtu wetu, Wachira,” alisema polepole. “Hii ni maneno yangu na yule. Duka yako haina shida. Lakini ukienda kule kujipanga na yeye...” Hakumaliza. Aliipapasa ile fremu kama mtu anayepima mbao, akaenda zake.

Kesho yake alikuja Ebla, mke wa Jimale, binti yake mchanga Ilhan akiwa mgongoni. Hakulia. “Shemeji,” alisema, “sema tu kile uliona. Usiongeze, usipunguze.”

“Nitakuja, Mama Ilhan,” Wachira alijibu, na wakati anasema alikuwa na nia ya kweli.

Siku ya kesi Muthoni, mke wa Wachira, alimpigia mumewe shati pasi akaliweka juu ya kiti. Wachira alilitazama tu.

“Baba Ciku, utachelewa.”

“Siendi.”

“Huendi? Si ulikuwa na yeye?”

“Niko na watoto, Muthoni. Niko na duka. Kesi ya Wasomali Wasomali wenyewe watamaliza.”

Muthoni alikaa kitandani. “Hiyo si kesi ya Wasomali,” alisema. “Ni ya Jimale.”

Wachira alitoka bila kunywa chai. Alishinda dukani akipanga misumari iliyokuwa imepangwa tayari. Huko kortini, kila mlango ulipolia, Jimale aligeuza kichwa. Hakimu alingoja shahidi wa mshtakiwa mpaka asiweze kungoja tena, kisha akaamua kwa yale aliyoyasikia. Jimale alifungwa miaka mitatu.

Lesiamon alikuwa mbali akitafutia ng'ombe malisho. Aliporudi alikwenda moja kwa moja dukani. Hakumsalimia kwa “sopa” ya Kimaasai wala hakutoa mkono.

“Ulikuwa na yeye?”

“Nilikuwa na yeye.”

“Na hukusema?”

“Niko na familia, Lesiamon.”

“Hata yeye.” Lesiamon aliangalia zizi, ambamo mbuzi walikuwa wakilia kwa kiu. “Unafikiri huo wembe umemaliza kazi? Kichwa yako iko karibu na ya Jimale kuliko ya mtu mwingine yeyote hapa.”

Hakukaa kwenye benchi lile tena. Wanachama wengine nao wakaacha kuja mmoja baada ya mwingine, maana walikuwa wakijua, na ilikuwa vigumu kumtazama mwenyekiti usoni. Chama kikafa bila kuzikwa. Ebla hakuweza kulishikilia zizi peke yake. Alipokwenda kuuliza kwenye ofisi ya ardhi, aliambiwa kiwanja kina mwenyewe mwingine. Akauza mbuzi waliosalia akahamia mji wa Kajiado. Mwaka haujaisha, tingatinga lilikuwa likichimba pale mbuzi walipokuwa wakilala.

Wachira alijifariji. Duka lilikuwa linakua, watu walikuwa wakijenga kila upande, Ciku alikuwa anafanya vizuri shuleni. Wainaina akipita alimpungia mkono, naye Wachira alipunga. Ila kila alipokinoa kisu cha baba yake alikata tamaa katikati, akakifunga bado butu.

Mwaka wa elfu mbili na nne, kituo cha petroli kilikuwa kimekuwa kidogo kwa malori yaliyoongezeka. Asubuhi moja Wachira aliletewa hati ya mahakama: kiwanja chenye duka lake ni mali ya Wainaina, na yeye Wachira ni mvamizi. Alicheka. Kisha akaisoma tena, akafunga duka.

Wakili aliyemwajiri alikuwa mtu wa maneno machache. “Stakabadhi zako ni za zamani na yeye ana mpya. Ulipoonyeshwa kiwanja, nani alikuwepo?”

“Chifu.”

“Yuko?”

“Alikufa.”

“Mwingine?”

“Jirani yangu. Tulipewa viwanja siku moja. Tulipigilia vigingi pamoja. Yeye alishika, mimi nikagonga.”

“Basi mlete huyo,” wakili alisema. “Bila yeye hatuna kitu.”

Wachira alisafiri hadi Kajiado. Njia nzima alitunga maneno ya kuomba radhi. Alimkuta Ebla kwenye kibanda cha chai na maziwa karibu na soko. Alikuwa amekonda. Msichana wa darasa la kwanza aliyevaa sare alikuwa akikunja vitambaa pembeni, na Wachira alitambua kwamba ni Ilhan.

Ebla alimjua mara moja. Alimpa kiti, akammiminia chai, kwa sababu mgeni ni mgeni.

“Mama Ilhan, Jimale yuko?”

“Yuko. Ukifuata hiyo njia mpaka makaburi ya Waislamu, utamkuta.”

Wachira alikiweka kikombe mezani.

“Alitoka jela na kifua,” Ebla aliendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka. “Aliona mvua moja tu, akaenda.”

“Alisema nini kuhusu mimi?”

Ebla alipangusa meza iliyokuwa safi. “Hakukutukana. Alikuwa ananiuliza kama siku ile ya kesi mvua iliharibu barabara. Alitaka sana iwe ni mvua. Mwisho nikamwambia ndiyo, ilinyesha, magari yalikwama.” Alinyanyua macho. “Hakukuwa na mvua, shemeji.”

Wachira alijiinamia. Machozi yalimdondoka kwenye chai, na hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Baada ya kitambo alieleza yaliyompeleka pale, kwa aibu, akikatakata maneno. Je, Ebla angeweza kuja kusema kwamba mumewe aliwahi kumsimulia habari za vigingi?

“Wakati wa vigingi nilikuwa sijaolewa,” Ebla alijibu. “Mimi husema tu kile niliona.”

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno hayo yalimkata Wachira mpaka mfupani.

Aliporudi aliwazungukia wanachama wa zamani. Kila mmoja alimpokea vizuri na kumkumbusha kwamba ana familia. Siku ya kesi ni Lesiamon peke yake aliyekuja, mvi zimemjaa. Alisimama akasema anamjua Wachira na duka lake tangu zamani. Alipoulizwa kama aliviona vigingi vikipigiliwa, alisema hakuviona. Hakimu akamshukuru, naye Lesiamon akaketi. Wachira akashindwa.

Tingatinga lilikuja asubuhi yenye upepo. Muthoni alikuwa ameketi juu ya magunia ya saruji waliyofanikiwa kuyatoa dukani, kanga kichwani, hasemi na mumewe. Bati la kwanza liliposhuka, watu walijaa barabarani kutazama. Miongoni mwao walikuwemo waliochinja naye mafahali, waliokata naye miiba, waliompigia makofi barazani.

“Mnaona!” Wachira aliwapigia kelele, ametandaza mikono. “Nyinyi wote mnajua hii ni yangu! Semeni basi! Semeni!”

Watu walitazama chini. Mmoja alikohoa. Wainaina alikuwa ndani ya gari lake, vioo vimefungwa.

Jirani wa upande wa pili alikuwa Nanjala, mama mjane aliyefungua duka la vitambaa miaka michache iliyopita. Alikuwa amesimama mlangoni pake, na tingatinga liliposogea aliurudisha mlango nusu, akabaki akichungulia. Kabla hajajificha Wachira aliuona uso wake, akaujua woga ule, na kimya kile pia. Alitaka kumwita, amwambie kwamba kiwanja chake ndicho kinachofuata, asingoje. Lakini ukuta ulianguka wakati huo, vumbi likamjaa kinywani, na sauti haikutoka.

Nanjala akaufunga mlango.

Wachira aliketi chini kando ya mkewe akalia kama mtoto, akiwa amechelewa kwa kila kitu: kwa rafiki yake, kwa duka lake, na hata kwa onyo ambalo angeweza kumpa mwingine. Walisema kweli waliosema: mwenzako akinyolewa, nawe zako tia maji.