Kiboko Aliyehesabu Masikio

Nianze, nisianze?

— Anza.

Nianzie penye majani au penye maji?

— Penye maji.

Basi sogeeni karibu, maji yenyewe ni machache.

Palikuwa na bwawa, na waliokunywa hapo walikuwa wa kila namna: viboko kumi na watano, kanga wanane, kobe saba, pimbi watano. Lugha mbalimbali, miguu mbalimbali, bwawa moja. Wakaungana, wakajiita Shirikisho la Bwawa. Wakaugawa ukingo majimbo matano, kila jimbo wakaazi saba na mjumbe mmoja. Wajumbe hao watano waliamua jambo moja tu, lakini ndilo jambo lenyewe: kiangazi kikija, nani anywe kwanza.

Na kila kiangazi walikunywa viboko kwanza. Waliingia, chubwi, chubwi, chubwi, wakagaagaa kutwa nzima. Wengine walipopata zamu walikuta tope.

Pimbi mmoja wa jabali la mashariki alifiwa na mkewe kwa sababu ya tope hilo. Mke huyo alikufa kwa kiu kiangazi kilichopita, na bwawa lilikuwa hatua ishirini kutoka alipolala. Pimbi alizipima hatua hizo mwenyewe. Hakulia mbele za watu, ila tangu siku hiyo akawa mtu wa kuuliza.

"Sisi ni ishirini, wao kumi na watano," aliwauliza kanga. "Mbona barazani wao ni watatu na sisi wawili?"

"Ndivyo mipaka ilivyo."

"Kwani nani huichora?"

Kanga wakaangaliana. Hakuna aliyewahi kuuliza. Pimbi akaenda kutazama.

Akamkuta Kiboko Mkuu kazini. Kila mwaka mvua huifuta mipaka, na kila mwaka Kiboko huichora upya kwa desturi ya viboko: anakwenda kinyumenyume, anapiga mkia, fya, fya, fya, mavi yanatawanyika, na hapo mpaka umepita. Hakuna auvukaye. Hata wewe usingeuvuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama huko huko, nafanya kazi ya serikali."

"Nauliza tu, mzee. Mbona mpaka unapindia hapa?"

"Marehemu baba aliupitisha hapa, nami nafuata. Viboko wanne jimbo hili, wanne lile, wanne lile. Watatu waliosalia wanalala huko kwenu."

"Kwa hiyo majimbo matatu ni yenu."

"Matatu."

"Na mawili mkayaacha?"

Mkia ukasimama.

"Baba alikuwa na huruma," Kiboko alisema polepole.

"Nauliza tu, mzee. Watu huwa unawahesabuje?"

"Kwa masikio. Kwani kuna njia nyingine?"

Kiboko amekulia majini, na majini humwoni mwenzako ila masikio yaliyochomoza juu. Masikio mawili, mtu mmoja. Ndivyo walivyohesabiana tangu mababu.

Pimbi akamtazama kobe aliyekuwa akipita. Hana sikio la kuonekana. Akamtazama kanga. Naye hana. Akamgeukia Kiboko kama mtu aliyekuta mlango ambao haukufungwa.

"Sasa viboko wakiwa watatu kila jimbo, masikio mangapi?"

"Sita."

"Na upande wetu?"

Kiboko akazungusha macho ukingoni kote. "Naona pimbi mmoja mmoja. Mawili." Akapiga mwayo mpana kama mlango wa ghala. "Sita kwa mawili. Majimbo yote matano."

"Usifanye hivyo, mzee. Mtatumaliza."

"Nyamaza, kidomo wee. Ulikuja kuuliza, umejibiwa."

Akageuka kinyumenyume. Fya, fya, fya, mpaka wa kwanza. Fya, fya, fya, wa pili. Hadi jioni majimbo yote yalikuwa membamba kama mikanda, kila moja na viboko watatu na pimbi mmoja. Nyuma yake Pimbi alipita akiwapanga wenzake: kanga wawili na kobe mmoja huku, kobe wawili na kanga mmoja kule, hadi kila jimbo likatimia watu saba, kama sheria isemavyo. "Na kila jimbo tusimamishe mtu mmoja tu," aliwaambia. "Msigombane."

Siku ya kura kila mwenye mdomo alitia kijiwe kimoja katika shimo la amtakaye. Tik, tik, tik. Korongo, msimamizi, akainama akahesabu.

"Jimbo la kwanza: kiboko vijiwe vitatu, kobe vinne. Jimbo la pili: kiboko vitatu, kanga vinne. Jimbo la tatu..."

"Ngoja," Kiboko akasema. "Hivyo vinne ni vya nani?"

"Kimoja cha pimbi, mzee. Vitatu vya kobe na kanga."

"Kobe na kanga? Tangu lini wapo?"

Korongo akaendelea. Vitatu, vinne. Vitatu, vinne. Vitatu, vinne.

Asubuhi iliyofuata viboko walipanga foleni juani, na Pimbi akashuka kunywa kabla ya yeyote. Maji yalikuwa maangavu, hata changarawe za chini zilionekana. Alikunywa taratibu sana.

Kobe mmoja akajongea ubavuni mwake.

"Ndugu yangu, hivi viboko ni wangapi?"

"Kumi na watano."

"Na barazani wana wajumbe wangapi?"

"Hawana."

"Hata mmoja?"

Pimbi akainamisha kichwa, akanywa tena. "Maji ya leo matamu," alisema.

Kobe hakuondoka. Kobe hawana haraka. Alikaa pale pale akisubiri jibu.

Na funzo lake, enyi mliosikiliza, ni hili: mpaka wa haki ni ule uliokupa ushindi, na anayeuhoji ni mchochezi. Ngano yangu inakomea ukingoni. Mwenye kiu na ateke; mwenye swali na alimeze.