Tundu la Mkono

Nitoe nisitoe?

— Toa!

Ya kweli au ya kutunga?

— Ya kwako, bibi!

Basi sogeeni. Na wewe hapo nyuma acha kutafuna, hadithi hii ina panya, watakusikia.

Zamani, zamani sana, kule milimani ambako mwezi wa sita umande unaganda kwenye majani, paliishi mwanamke aliyeitwa Sekela na mumewe Mwaipaja. Nyumba yao ilikuwa ya mianzi, imekandikwa udongo mwekundu. Mifugo yao yote ilikuwa kuku mmoja, jike mzee, mwenye domo.

Mwaipaja alikuwa kiziwi. Ugonjwa wa utotoni ulimpitia, ukaondoka na masikio yake. Kusema alisema, lakini kusikia hakusikia hata radi.

Sasa, watu wa kule walikuwa na desturi yao. Mtu haingii ndani bila kuitikiwa, hata kama nyumba ameijenga mwenyewe. Unabisha, unaitikiwa karibu, ndipo unaingia. Je, kiziwi ataisikiaje karibu?

— Hasikii!

Ehe. Kwa hiyo Mwaipaja alitoboa tundu ukutani, kando ya mlango. Akirudi shambani, anaingiza mkono. Sekela anaacha alichoshika, anakuja, anaubana ule mkono. Mara moja tu. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yao, na Mwaipaja anaingia ndani anacheka.

Mwaka mmoja chumvi ikaisha kijijini. Mwaipaja akachukua mfuko na fimbo, akaenda kuifuata chumvi kwenye nchi ya joto, safari ya miezi miwili. Kabla ya kuondoka alikining'iniza darini kibuyu cha mbegu za ulezi.

"Hizi usizile hata njaa ikikuuma," alimwambia mkewe. "Tukizila hizi, mwakani hatuna cha kupanda. Mimi nitarudi kabla ya baridi. Utauona mkono wangu palepale."

Akaenda. Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukapita. Ulezi ukaiva, Sekela akauvuna peke yake, akaujaza kwenye kihenge peke yake. Kila jioni aliketi akilitazama lile tundu. Alimkumbuka mumewe mpaka chakula kikamshinda kumeza.

Mvua zikakatika. Mnajua kule milimani mvua zikikatika wanawake wanafanya nini? Wanakandika. Wanachanganya udongo, mavi ya ng'ombe na jivu, wanakwenda nyumba kwa nyumba wanaziba kila ufa. Maana baridi ikija, mashamba ni matupu, na kila chenye miguu huko porini kinatafuta moto wa watu.

Wakafika kwa Sekela. Wakakandika kulia, wakakandika kushoto.

"Na tundu hili?" wakauliza.

"Hilo liacheni."

"Sekela, baridi inakuja na wageni wake."

"Nimesema liacheni! Mume wangu ataingiza mkono wapi?"

Wanawake wakatazamana. Wakabeba ndoo zao za udongo, wakaondoka taratibu.

Kuku akanyoosha shingo. "Mama, mimi ni kuku tu, lakini tundu hilo sisi wengine linatutia hofu."

"Nyamaza wewe, ulale," Sekela akasema.

Lakini kumbe Panya alikuwa palepale kwenye mianzi, ameyasikia yote. Mnamjua Panya?

— Tunamjua!

Hamumjui. Mnajua mkia wake tu, akili zake hamzijui.

Jua lilipokuwa linazama, Panya akaja kwenye tundu, akaimba kwa sauti ya upole:

*Hodi shemeji, nimetoka mbali,*
*mumeo kanituma, baridi ni kali.*

Sekela akaruka kutoka kwenye kigoda. "Umemwona? Umemwona wapi?"

"Mto wa tatu kutoka hapa, shemeji. Amekaa juu ya mfuko wa chumvi, anapumzika. Amesema, mwambie mke wangu asilizibe tundu. Amesema, mpe Panya mahali pa kuota moto, ni rafiki yangu."

Shemeji! Mnamsikia? Panya wa porini anajifanya ndugu. Lakini Sekela machozi yalimtoka kwa furaha. Akampa nafasi jikoni, penye majivu ya moto. Siku ile alikula akashiba, mara ya kwanza tangu mavuno.

Siku ya pili, jua linazama, Panya akaja na mkewe na watoto saba.

*Hodi shemeji, nimetoka mbali,*
*mumeo kanituma, baridi ni kali.*

"Leo anasemaje?" Sekela akauliza. Alikuwa ameketi kando ya tundu tangu mchana.

"Leo yuko mto wa pili. Amekonda, shemeji, lakini mzima. Amesema, wape hao watoto ulezi kidogo kihengeni, wamenichekesha njiani."

Sekela akafunua kihenge. Watoto saba wakaingia, wakatoka na mashavu yamejaa, wakaingia tena. Kuku akaamka asubuhi, akakuta mayai yake matatu ni maganda matupu. Akapiga kelele nyumba nzima.

"Mama! Mayai yangu!"

"Utataga mengine."

"Na ulezi utautaga wewe?"

Sekela akachungulia kihenge. Ulezi ulikuwa umefika nusu ya kihenge, na alikuwa ameona. Lakini nani mwingine angemletea neno la mumewe? Wanawake wenzake walimletea udongo tu. Panya alimletea habari. Hamu ikimshika mtu hivyo, wanangu, macho yanaona na mkono bado unatoa.

Siku ya tatu, jua linazama, Panya akaja na ukoo mzima. Wajomba, mashangazi, wakwe. Ukuta ulikuwa unatembea.

*Hodi shemeji, nimetoka mbali,*
*mumeo kanituma, baridi ni kali.*

"Leo yuko mto huu wa karibu," Panya akasema. "Kesho atafika. Amesema, teremsha kile kibuyu cha darini uwakaribishe ndugu zangu, mimi naleta mbegu nyingine."

Sekela akasimama. Akainua mikono, akakishika kibuyu. Akasita.

"Alisema nisizile hizi," akanong'ona. "Alisema hata njaa ikiniuma."

Panya akaona mawindo yanaponyoka. Akaongeza utamu. "Shemeji, ungemwona! Leo asubuhi alisikia ndege analia kwenye mianzi. Akasema, sauti ile ni kama ya Sekela wangu. Akalia mpaka ndevu zikalowa."

"Alisikia?"

"Alisikia."

"Alisikia ndege?"

"Kwa masikio yake mawili, shemeji!"

Jamani, Mwaipaja alisikia?

— Hasikii!

Hasikii! Sauti ya Sekela hajawahi kuisikia tangu amwoe. Alimjua kwa mkono tu.

Sekela akakirudisha kibuyu darini. Hakuwa na hasira ya ulezi. Hakuwa na hasira ya mayai. Kilichomuuma ni kwamba yale maneno yote hayakuwa ya mumewe. Hakuna mto wa tatu, hakuna mto wa pili. Siku tatu alikuwa na mume, na sasa hana tena. Akalia mbele ya panya wote, bila kujifunika uso.

Alipomaliza kulia akachukua pilipili kavu, konzi nzima, akazitupa motoni.

Moshi! Panya wakakohoa, wajomba wakakohoa, wakwe wakakanyagana. Wakatoka tunduni mbio, na Kuku nyuma yao anadonoa mikia.

"Hilo la mayai!" anadonoa. "Na hilo la mayai!"

Asubuhi Sekela akakanda udongo, mavi ya ng'ombe na jivu. Akashindilia mawe kwenye tundu, akatia udongo juu yake. Kila alipotia udongo moyo ulimuuma. Alijua mumewe ni mtu wa desturi. Akija asipate pa kuingiza mkono, hatavunja mlango. Atageuka.

"Ningemwachia neno," akamwambia Kuku, "lakini neno lenyewe halisikii."

"Basi mwachie anachokijua," Kuku akasema.

Sekela akafikiri. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akaweka kiganja chake cha kulia juu yake, akabonyeza kwa nguvu zake zote, akauondoa mkono polepole. Akaingia ndani.

Jioni ile Panya akarudi akaimba. Sekela akachochea moto. Siku ya pili akarudi akaimba. Sekela akaziba masikio. Siku ya tatu akaimba hadi sauti ikakauka, na Sekela alitamani angalau kuulizia, amekonda? Mzima? Lakini hakufungua. Umande ukaganda, na Panya akaenda kutafuta tundu la mwingine.

Siku zikapita, nyingi. Sekela aliota moto na Kuku wake, anakula ulezi uliobaki, kidogo kidogo. Kibuyu hakukigusa.

Mchana mmoja wa ukungu, mtu akapanda njia ya kijijini. Amekonda, mguu mmoja anauburuta. Ulivunjika huko nchi ya joto, akalala miezi kwenye nyumba za watu. Ni nani?

— Mwaipaja!

Ni yeye. Akafika kwake, akainua mkono kuuingiza tunduni. Tundu hakuna. Ncha za vidole zikagonga udongo mgumu, akaurudisha mkono. Ukungu ulikuwa mzito, haoni vizuri.

Akasimama. Akawaza, nimechelewa. Mke wangu amechoka kuningoja, amenizibia. Akawaza, nina haki gani? Nilisema kabla ya baridi. Akauweka mfuko wa chumvi mlangoni, awe amemlipa hata usumbufu. Akageuka.

Ule mguu mbovu ukateleza kwenye umande. Akajishika ukutani asianguke. Vidole vyake vikaingia kwenye vidole vya udongo.

Akatulia. Akapapasa. Kidole gumba hapa, kidole cha mwisho pale, na kile cha kati ambacho Sekela alikikata kwa mundu kikawa kifupi. Udongo ulikuwa baridi na umekauka, lakini mkono aliujua. Akakaza kiganja chake juu ya kile kiganja, akalia kwa sauti, maana yeye sauti yake haisikii, hajui inafika wapi.

Ilifika ndani. Sekela alikuwa akikoroga uji. Hakuuliza nani, hakuuliza ametoka mto gani. Akatupa mwiko, akafungua mlango, akaushika ule mkono uliokuwa bado ukutani. Akaubana mara moja.

Mwaka uliofuata walipanda ulezi.

Hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mtu mwenye hamu huaminishwa kirahisi, na wapo wanaoinusa hamu yako wakaja kuota moto wako na kula mbegu zako. Mngoje mpendwa wako, wala usione haya kumngoja. Lakini tundu ziba mapema, kabla ya baridi. Anayekupenda hatapotea kwa sababu umeulinda ukuta wake.

Chungu changu nimekifunika, kijiko nimekiosha. Aliyeshiba alale, na ambaye hajashiba atutolee yake.