Nguchiro na Kiboko Mla Nyota

Zamani, zamani mno, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanaishi angani, kulikuwa na kijiji kiitwacho Songamano. Kila mnyama aliwaka moto kifuani, na mioto hiyo ndiyo nyota. Nyumba zilibanana ukuta kwa ukuta. Ukipiga chafya kwako, jirani anaitikia, "Afya!"

Kwa kubanana huko, vikumbo vilikuwa kutwa kucha. Wepesi walisukumwa pembezoni, wazito wakadidimia katikati. Na katikati alikaa Kiboko.

Kiboko alichoma kuni za moto wake wa kifuani kwa pupa mpaka zikamwishia. Puu! Akajiporomokea ndani kwa ndani, akawa shimo jeusi lenye mdomo. Aliyemkaribia hakutoka tena, hata mwanga wake haukutoka. Kwapu! Akammeza Swala. Kwapu! Akammeza Nyati. Kila alipomeza alinenepa, na kila aliponenepa aliwavuta wengine zaidi.

Sasa Nguchiro, mdogo kuliko wote, alilelewa na Mama Tembo. Siku moja akaona nyumba ya Mama Tembo imeteleza tena kuelekea katikati.

"Mama, shika ukuta!"

"Nimeshika, mwanangu. Uzito wangu ndio unaonipeleka. Wewe nenda zako pembezoni."

Nguchiro akalia. Kisha akafuta machozi, akafikiri.

Aliwahi kuwaona Vyura wawili waliozimika, mashimo madogo yenye kimo kimoja. Walizungukana, mmoja akammeza mwenziwe, na papo hapo aliyemeza akachomoka kijijini, fyuu! kama mbegu ya limau iliyobanwa vidoleni. Basi Kiboko alihitaji mlo wa kimo chake! Na ng'ambo ya pili ya hapo katikati alikuwapo Chatu, shimo jingine, mnene vilevile.

Nguchiro akaenda, akasimama mbali.

"Shikamoo, Bwana Kiboko!"

"Marahaba. Sogea nikusikie vizuri."

"Hapa panatosha, mzee. Nilikuja kukuambia tu, Chatu anasema leo anakula kiboko kwa nazi."

"Nani? Ile kamba ya viatu?"

Mbio, Nguchiro mpaka kwa Chatu.

"Bwana Chatu, Kiboko anakuita kamba ya viatu!"

"Sssss! Mimi?"

Wakatoka wote wawili kwa hasira. Hawakuvaana moja kwa moja, wakaanza kuzungukana. Zungu... zungu... zunguzunguzungu! Wakakaribiana, wakazidi mbio, anga lote likatikisika kama uji sufuriani.

"Shikeni kuta!" Nguchiro akapiga kelele.

Kwapu! Kiboko akammeza Chatu mzima mzima.

"Nimeshinda!" akanguruma. "Sasa mimi ndiye mkubwa kuliko wo..."

Fyuuuu! Teke la mlo ule likamrusha juu ya mapaa, nje ya kijiji, mpaka gizani kusiko na nyota hata moja.

"Nguchirooo!" sauti ikaja kwa mbali. "Huku hakuna chakula!"

"Pole, mzee! Lakini nafasi ipo tele!"

Nyumba ya Mama Tembo ikatulia. Akatoka mlangoni, akamnyanyua Nguchiro kwa mkonga na kumweka mgongoni. Kijiji kizima kikapiga vigelegele.

Basi, wanangu, mlafi hasukumwi: mpe tonge linalomzidi, ataondoka mwenyewe.